Kupima Sauti Uwanjani: Vyombo Vinavyowafaa Mafundi wa Bariadi

Katika Mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012 na wenye makao yake makuu mjini Bariadi, msimu wa ngoma hufuata msimu wa mavuno. Pamba ikishachumwa na nafaka kuwekwa ghalani, vikundi vya Bagika na vya Bagalu hukutana uwanjani, kila kimoja upande wake, na kushindana. Makundi haya mawili yalipata majina yake kwa Ngika na Gumha, waganga na wacheza ngoma mashuhuri wa karne ya 19. Kanuni ya ushindani wao ni rahisi kueleweka: kikundi kinachovuta watazamaji wengi zaidi ndicho kinachoshinda. Hapana mwamuzi mwenye filimbi. Wanaoamua ni watazamaji wenyewe, kwa miguu yao.

Zamani kilichowavuta watu ni ufundi wa ningi, yaani mtunzi na kiongozi wa nyimbo, pamoja na mbinu za wachezaji, dawa, na mlio wa ngoma ambazo ngozi zake zilikazwa kwa joto la moto kabla ya mchezo kuanza. Mambo hayo yangalipo. Lakini leo mara nyingi ningi hushika maikrofoni, nyuma yake jenereta hunguruma, na mbele yake husimama spika zenye kimo cha mtu. Hali ni hiyo hiyo katika mikutano ya injili, harusi, mikutano ya siasa na maonyesho ya wakulima. Maonyesho ya Nane Nane yalipofanyika kitaifa katika viwanja vya Nyakabindi, karibu na Bariadi, mwaka 2018, 2019 na 2020, maelfu ya wakulima walikuja kusikia habari za mbegu, dawa za wadudu na mikopo. Kusikia, hata hivyo, si sawa na kuelewa. Mtu anaweza kusimama mbele ya spika inayotetemesha kifua chake asiambulie neno moja la mtaalamu anayezungumza.

Hapo ndipo fedha nyingi zinapopotea. Kikundi kikishindwa, au mkutano ukilalamikiwa, rai inayotolewa mara moja ni kununua amplifaya kubwa zaidi na sabufa nyingine mbili. Ni nadra sana kusikia mtu akipendekeza kinunuliwe chombo cha kupimia. Makala haya yanaeleza ni vyombo gani vya kupimia na kurekebishia mitambo ya sauti vinavyomfaa fundi anayefanya kazi katika mazingira ya Simiyu, na kwa nini vingine vinavyosifiwa katika matangazo ya biashara havimfai.

Kabla ya kuendelea, yafaa kuondoa utata wa neno moja. Katika Kiswahili “kipaza sauti” kimekuwa jina la vyombo viwili vilivyo kinyume: kile anachoshika msemaji na kile kinachotoa sauti kwa wasikilizaji. Kwa hiyo hapa kitatumika “maikrofoni” kwa cha kwanza na “spika” kwa cha pili.

KWA NINI WATI HAZISHINDI

Ukali wa sauti hupimwa kwa desibeli. Sifuri ya kipimo hiki imewekwa kwenye kanieneo ya sehemu 20 kati ya milioni moja za paskali, yaani paskali 0.00002, ambayo ni sauti hafifu kuliko zote zinazoweza kusikiwa na kijana mwenye masikio mazima. Sauti yenye kanieneo ya paskali 1 ni desibeli 94. Kipimo hiki hakiongezeki kwa kujumlisha bali kwa kuzidisha, na jambo hilo huwadanganya wengi. Ukizidisha nguvu ya amplifaya mara mbili, kutoka wati 1,000 hadi wati 2,000, unapata desibeli 3 tu za ziada. Ili sikio lihisi kwamba sauti imekuwa maradufu, zahitajika takriban desibeli 10, nazo ni nguvu mara kumi: wati 10,000, pamoja na jenereta ya kuzizalisha, spika za kuzibeba na mafuta ya kuzilisha.

Desibeli 3 hizo hizo zaweza kupatikana bure. Mahali pa wazi, sauti ya spika moja hupungua desibeli 6 kila umbali unapoongezeka maradufu. Mtazamaji aliye meta 40 kutoka kwenye spika akisogezewa spika hiyo hadi meta 28, amepata faida ile ile iliyoletwa na amplifaya ya pili. Spika ikiinuliwa juu ya vichwa vya watu wa mbele na kuelekezwa kwenye masikio ya wale wa nyuma, faida huwa kubwa zaidi, hasa kwa sauti nyembamba, ambazo huzuiwa kwa urahisi na miili ya watu.

Sauti nyembamba ndizo zenye maneno. Herufi kama s, t, k, f na ch hukaa zaidi kati ya mitetemo 1,000 na 8,000 kwa sekunde, yaani hezi 1,000 hadi 8,000, ilhali kishindo cha ngoma kubwa na sabufa ni chini ya hezi 120. Kishindo kikizidi, hufunika maneno. Watu waliokuja kusikia mafumbo na majibizano ya ningi hupata mngurumo, nao huondoka kwenda upande wa pili, hata kama upande huo una spika ndogo. Kwa hiyo swali ambalo chombo cha kupimia husaidia kulijibu ni je, kila mtu uwanjani anapata sehemu zote za sauti kwa uwiano unaofaa? Ukubwa wa jumla ni jambo la pili.

VYOMBO VYA MWANZO HAVIUZWI DUKA LA MUZIKI

Chombo cha kwanza ni tepu ya fundi ujenzi, ya meta 30 au 50, na cha pili ni kipimajoto. Msomaji asidhani kwamba huu ni mzaha. Katika uwanja mrefu hufaa kuweka spika nyingine katikati ili kuwasaidia walio nyuma. Spika hizo hupata umeme wa sauti papo hapo, lakini sauti ya spika za mbele husafiri hewani kwa mwendo wake wa kawaida. Matokeo yake ni kwamba mtu wa nyuma husikia kila neno mara mbili. Dawa ni kuzichelewesha spika za katikati kwa muda ule ule ambao sauti ya mbele inatumia kufika hapo, na muda huo hupatikana kwa kugawa umbali kwa mwendo wa sauti.

Mwendo wa sauti hewani ni meta 331 kwa sekunde kwenye nyuzi 0 za Selisiasi, na huongezeka takriban meta 0.6 kwa kila uzijoto mmoja. Wapo wanaoamini kwamba katika nchi za juu sauti huenda polepole kwa kuwa hewa ni nyepesi. Sivyo. Kinachoamua ni joto. Urefu kutoka usawa wa bahari hauhesabiwi. Katika Bariadi mchana wa kiangazi wenye nyuzi 30, sauti husafiri takriban meta 349 kwa sekunde. Usiku joto likishuka hadi nyuzi 18, husafiri meta 342. Kwa spika zilizo meta 60 mbele, ucheleweshaji unaotakiwa ni milisekunde 172 mchana na milisekunde 175 na nusu usiku. Tofauti hiyo ni ndogo, wala haitamfanya mtu asikie mwangwi, lakini yatosha kuvuruga upatanifu wa mawimbi mahali spika hizo mbili zinapokutana. Fundi aliyepanga mtambo saa nane mchana na kuufungulia ngoma inayokesha ana sababu ya kukitazama tena kipimajoto jua likishatua.

Chombo cha tatu ni betri ya volti 1.5. Ikiguswa kwenye nyaya za spika ya besi, kiwambo chake husogea mbele au nyuma. Spika zote za aina moja zikiunganishwa chanya kwa chanya ni lazima zisogee upande mmoja. Sabufa mbili zilizounganishwa kinyume hufutana: moja husukuma hewa wakati nyingine inaivuta, na besi hutoweka katikati ya uwanja, mahali pale pale walipo watu wengi. Kosa hili ni la kawaida sana katika mitambo iliyokarabatiwa mara nyingi, nalo limewafanya watu kununua sabufa ya tatu kabla ya kugundua kwamba mbili walizo nazo zinapigana. (Betri isiguswe kwenye spika za sauti nyembamba, kwani nyuzi zake ni laini.)

KIPIMA UKALI WA SAUTI

Chombo kinachofuata ni kipima ukali wa sauti, kile cha kushika mkononi chenye kidude kama penseli mbele yake. Vipimo hivi hutengenezwa kwa kufuata kawaida ya kimataifa ya IEC 61672, inayovigawa katika madaraja mawili. Kwa sauti ya hezi 1,000 tofauti kati ya madaraja hayo ni ndogo: daraja la 1 linaruhusiwa kukosea desibeli 0.7 na daraja la 2 desibeli 1.0. Lakini kwa sauti ya hezi 8,000 daraja la 2 linaruhusiwa kukosea hadi desibeli 5, juu au chini. Maana yake ni kwamba chombo cha daraja la 2 chafaa kabisa kujua ukali wa jumla uwanjani, na hakifai kuamua kama sauti nyembamba zimepungua au la. Bei nayo hutofautiana mno: cha daraja la 2 hupatikana kwa dola mia chache za Kimarekani, na cha daraja la 1 huweza kuzidi dola elfu kadhaa. Kwa kikundi cha ngoma au kanisa la Bariadi, daraja la 1 ni anasa. Ni la wakaguzi na wanaokwenda mahakamani.

Lililo muhimu kuliko daraja ni mizani ambazo chombo kinazo. Mizani ya A huiga sikio linavyosikia sauti za chini chini, na kwa hiyo hupunguza besi kwa kiasi kikubwa: kwenye hezi 63 hupunguza desibeli 26. Mizani ya C haipunguzi hata desibeli 1 mahali hapo. Mtu akisimama karibu na sabufa akiwa na chombo chenye mizani ya A peke yake, ataandika namba ya kuridhisha ilhali madirisha ya nyumba za jirani yanatetemeka. Chombo kinunuliwe chenye A na C zote mbili. Tofauti kati ya namba hizo mbili humwambia fundi mara moja besi imezidi kiasi gani. Aidha kiwe na uwezo wa kukokotoa wastani wa muda, kwa mfano wa dakika 15, kwa sababu ngoma hupanda na kushuka na namba inayorukaruka kwenye kioo haina maana kubwa.

Simu za mkononi zenye programu za kupimia zina mahali pake, lakini pazuri si uwanjani. Maikrofoni ya simu imeundwa kwa ajili ya mazungumzo: simu nyingi hukata besi kwa makusudi na hujishusha zenyewe sauti inapozidi. Taasisi ya Marekani ya afya na usalama kazini, NIOSH, ilitoa programu yake ya bure kwa ajili ya simu za iPhone mwaka 2017, nayo ni nzuri, hasa ikiunganishwa na maikrofoni ya nje iliyosahihishwa. Simu za aina nyingine ni nyingi mno na hazifanani, hivyo programu moja haiwezi kuaminika kwa zote.

KANIENEO YA SIMIYU NA CHOMBO CHA KUSAHIHISHIA

Chombo chochote cha kupimia huhitaji kusahihishwa, na hapa jiografia ya Simiyu inaleta jambo ambalo vitabu vilivyoandikwa pwani ya Ulaya hulipita haraka. Kifaa cha kusahihishia huvikwa kwenye kichwa cha maikrofoni na kutoa sauti inayojulikana. Aina ya zamani, inayotumia pistoni ndogo, hutoa desibeli 124 kwa kusukumasukuma hewa iliyofungiwa katika chumba kidogo. Ukali wa sauti hiyo hutegemea kanieneo ya hewa ya mahali hapo.

Mito ya Bariadi humwaga maji yake katika Ziwa Viktoria, ambalo uso wake uko takriban meta 1,134 juu ya usawa wa bahari. Bariadi yenyewe, basi, iko juu zaidi ya hapo. Kwenye meta 1,200 kanieneo ya hewa ni takriban kilopaskali 88, ilhali pwani ni 101. Pistoni ile ile iliyotoa desibeli 124 Dar es Salaam hutoa karibu desibeli 122.7 tu mjini Bariadi. Fundi asiyelijua jambo hili atakipandisha chombo chake ili kisome 124, na tangu hapo kila kipimo atakachokiandika kitakuwa kimezidi ukweli kwa desibeli 1 na robo. Kosa hilo ni kubwa kuliko lote lililoruhusiwa kwa daraja la 1 kwenye hezi 1,000. Waliotumia fedha nyingi kununua chombo bora watakuwa wameipoteza faida yake kwa dakika moja.

Pistoni zinazouzwa huja na kipimahewa kidogo chenye kuonyesha masahihisho, lakini zikiuzwa mitumba kipimahewa hicho mara nyingi hakipo. Kwa hiyo inafaa zaidi kuchagua kifaa cha elektroniki kinachotoa desibeli 94 kwenye hezi 1,000 na kujirekebisha chenyewe kwa maikrofoni ya ndani. Kanieneo ya Simiyu hukiathiri kidogo sana. Mnunuzi ahakikishe pia kwamba tundu lake linalingana na kipenyo cha maikrofoni yake. Kilicho cha nusu inchi hakitashika maikrofoni nyembamba bila pete ya kupunguzia.

MAIKROFONI YA KUPIMIA NA NJIA MBILI

Kipima ukali wa sauti hutoa namba moja. Fundi anayetaka kurekebisha mtambo kwa ikwaliza anahitaji mchoro unaoonyesha kila sehemu ya sauti, kutoka besi hadi nyembamba. Vyombo vya kuchora hivyo vilikuwa vikubwa na ghali mno. Richard Heyser, mhandisi wa California, alieleza mwaka 1967 namna ya kutenganisha sauti inayotoka moja kwa moja kwenye spika na ile inayorudi kutoka kwenye kuta. Mwaka 1984 kampuni ya Meyer Sound ilileta mtambo uitwao SIM, ambao uliweza kupima wakati wa onyesho lenyewe, muziki ukiendelea. Katikati ya miaka ya 1990 programu ya Smaart iliuweka uwezo wa namna hiyo katika kompyuta ya kubebeka. Leo zipo programu zinazopatikana bila malipo, kama REW na Open Sound Meter, na hii ya pili hata maandishi yake ya ndani yako wazi kwa yeyote anayetaka kuyasoma.

Siri ya njia hii ni ulinganisho. Kompyuta hupokea sauti mbili kwa pamoja: moja inayotoka kwenye meza ya kuchanganyia kabla haijafika kwenye amplifaya, na nyingine iliyookotwa na maikrofoni uwanjani. Hesabu za Fourier huigawa kila moja katika sehemu zake, kisha ya pili hugawanywa kwa ya kwanza. Kinachobaki ni kazi ya mtambo na uwanja peke yake. Haidhuru ni wimbo gani unapigwa, maana wimbo umo katika pande zote mbili na hivyo hujitoa katika hesabu. Programu huonyesha pia kiwango cha uaminifu, kutoka 0 hadi 1, kinachomwambia fundi ni sehemu zipi za mchoro zimeharibiwa na upepo, jenereta au kelele za watu, asije akazirekebisha bure.

Kutokana na maelezo haya mnunuzi anaweza kujua kosa la kuepuka. Maikrofoni za kupimia zinazochomekwa moja kwa moja katika tundu la USB la kompyuta ni rahisi kutumia, ni sahihi, na zinasifiwa sana. Nazo zafaa kupimia ukumbi. Lakini kila moja ina saa yake ya ndani, isiyokwenda sawasawa na saa ya kadi inayopokea sauti ya meza ya kuchanganyia. Saa mbili zikitofautiana, hata kwa sehemu ndogo sana, ulinganisho wa njia mbili hupotoka. Kwa kazi ya uwanjani ni afadhali kununua maikrofoni ya kawaida ya kupimia, yenye waya wa pini tatu, pamoja na kadi ya sauti ya nje yenye matundu mawili ya kuingilia na umeme wa volti 48. Vyote viwili vikipitia kadi moja hutumia saa moja. Maikrofoni hiyo iwe ya kusikia pande zote sawa, na ije na jedwali la masahihisho yake yenyewe kwa namba yake, si jedwali la jumla la kiwanda. Maikrofoni ya namna hii hupatikana kwa chini ya dola 100. Isidhaniwe kwamba maikrofoni nzuri ya mwimbaji yaweza kushika nafasi yake. Hiyo imetengenezwa ili ipendeze, na kwa hiyo imepotoshwa kwa makusudi.

Kitu kimoja cha bei ndogo kisisahaulike: kofia ya sponji ya kuzuia upepo. Katika tambarare za Simiyu wakati wa kiangazi upepo haukosekani, na upepo ukipiga kiwambo kitupu huandika besi ambayo haipo.

UDONGO, MABATI NA WATU

Kumiliki chombo si kujua pa kukiweka. Chukua mfano wa spika iliyo meta 2.5 juu ya ardhi na maikrofoni iliyo kwenye mguu wa meta 1.5, umbali wa meta 10. Sauti hufika kwa njia mbili: moja kwa moja, na kwa kugonga ardhi. Njia ya pili ni ndefu kuliko ya kwanza kwa sentimeta 72 hivi, kiasi ambacho kwa sauti ya hezi 240 ni nusu ya wimbi. Mawimbi mawili hukutana yakiwa kinyume na kufutana, na mchoro huonyesha shimo hapo. Fundi asiye na uzoefu atapandisha ikwaliza kwenye hezi 240 ili alizibe. Shimo halitazibika, kwa sababu kila anachokiongeza kwenye spika huongezeka pia katika mwangwi wa ardhi. Atakachofanikiwa ni kuunguza amplifaya na kuwasumbua walio sehemu nyingine za uwanja, ambako shimo hilo halipo. Njia iliyo bora ni kuilaza maikrofoni chini kabisa. Hapo njia mbili huwa moja, na mchoro wote hupanda kwa desibeli 6 bila kupotoka. Kwa kuwa udongo mweusi wa mbuga hupasuka wakati wa kiangazi, inafaa kutandika kipande cha plaiwudi na kuiweka maikrofoni juu yake.

Ndani ya nyumba tatizo ni jingine. Makanisa na kumbi nyingi za wilaya za Bariadi, Itilima na Maswa zina paa la mabati, sakafu ya saruji na kuta zilizopigwa lipu, vitu ambavyo karibu havifyonzi sauti hata kidogo. Wallace Sabine wa Chuo Kikuu cha Harvard, aliyeanza kuchunguza jambo hili mwaka 1895 kwa kuingiza na kutoa mito ya viti katika ukumbi, aligundua kwamba muda wa mvumo kudumu hupatikana kwa kuzidisha ujazo wa chumba kwa 0.161 na kugawa kwa eneo la kufyonza. Ukumbi wa meta 20 kwa 10 kwa 5 una ujazo wa meta za ujazo 1,000. Ukiwa mtupu, na eneo lake la kufyonza likiwa meta za mraba 50 tu, mvumo hudumu sekunde 3.2, na hotuba haieleweki. Wakiingia watu 200, ambao kila mmoja na nguo zake hufyonza kama meta ya mraba 0.45, mvumo hushuka hadi sekunde 1 na kidogo. Mtambo uliorekebishwa asubuhi katika ukumbi mtupu, basi, umerekebishwa kwa ajili ya ukumbi mwingine. Hii ndiyo faida kubwa ya njia mbili: hupima watu wakiwamo. Na mkoa unaoongoza nchini kwa kilimo cha pamba hauna haja ya kuagiza sponji za kufyonza sauti kutoka ng'ambo. Magodoro ya pamba yaliyoshonwa katika kitambaa kinachopitisha hewa na kutundikwa kwenye ukuta wa nyuma hufanya kazi ile ile.

Ukavu wa hewa nao una sehemu yake. Katika hewa ya nyuzi 15 yenye unyevu wa asilimia 80, sauti ya hezi 8,000 hupoteza desibeli 8 kwa kila meta 100, mbali na kule kupungua kwa umbali. Unyevu ukishuka hadi asilimia 20, hupoteza desibeli 20. Kwa hiyo mtambo uliosikika vizuri wakati wa masika huweza kuonekana umeziba masikio yake katika mwezi wa Agosti, ingawa hakuna kilichoharibika.

MASIKIO YA WAPIGAJI NA USINGIZI WA MAJIRANI

Kikundi kikishapata kipima ukali wa sauti, mahali pa kwanza pa kukipeleka ni walipo wapigaji wenyewe na watoto wanaopenda kukaa miguuni pa spika. Kwa kawaida ya NIOSH, mfanyakazi anaweza kukaa katika desibeli 85 kwa saa 8, na kila desibeli 3 zikiongezeka muda huo hupungua kwa nusu. Kwenye desibeli 100 zimebaki dakika 15. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2022 kawaida yake kwa kumbi na matamasha, inayotaka wastani wa dakika 15 usizidi desibeli 100 za mizani ya A, ukali upimwe kwa chombo kilichosahihishwa, na wasikilizaji wapatiwe vizibo vya masikio. Shirika hilo linakadiria kwamba zaidi ya vijana bilioni 1 duniani, wenye umri wa miaka 12 hadi 35, wamo katika hatari ya kupoteza usikivu kwa sababu ya sauti za starehe. Seli za sikio zinazopokea mitetemo zikifa hazioti tena, na za kwanza kufa ni zile za sauti nyembamba. Fundi wa miaka mingi aliyepoteza hizo huendelea kupandisha sauti nyembamba kwenye meza yake mpaka iwaumize wenzake, akiamini kwamba mtambo ndio wenye kasoro.

Majirani wana kilio chao pia, na Tanzania ina kanuni za viwango vya kelele na mitetemo zilizotolewa mwaka 2015 chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira. Kisichofahamika sana ni kwamba uwanja ule ule, kwa mtambo ule ule, hausumbui kwa kiasi kile kile mchana na usiku. Mchana ardhi huwa na joto kuliko hewa ya juu, na mawimbi ya sauti hupinda kuelekea mbinguni. Mtu aliye mbali huwa kama yumo kivulini. Usiku wa kiangazi, mbingu zikiwa hazina mawingu, ardhi hupoa haraka na hewa baridi hukaa chini ya hewa yenye joto. Mawimbi hupinda kurudi ardhini, na wimbo usiosikika alasiri kijiji cha pili husikika usiku neno kwa neno. Kipimo kilichochukuliwa kwenye uzio wa hospitali saa kumi jioni hakifai kujazwa katika fomu ya ngoma itakayofikia kilele saa tano usiku. Mwenye chombo arudi tena hapo usiku, aiweke mizani ya C kwanza na ya A baadaye, apime kwa dakika 15 kila moja, na aandike pembeni joto la hewa na upande unaotoka upepo.